Kufungua kwa tangazo na kufungua kwa kweli: msaada wa serikali ulikatika kabla wateja hawajarudi

#1 Fundi Mizani (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Jambo hili limenikaa kifuani tangu enzi za korona, leo natua mzigo. Ni refu. Mwenye haraka apite, akirudi atakuta uzi bado upo.

Kila tukigusa yale ya 2020 na 2021, mjadala hukatika vipande viwili. Kuna wa fedha: serikali zilitoa kiasi gani, nani alipata, nani alichota pasipo haki. Halafu kuna wa kufungua: shule lini, maduka lini, mipaka lini. Mimi nasema hilo ni jambo moja, na serikali nyingi ziliteleza hapohapo. Ratiba ya fedha iliandikwa na watu wa hazina kwa kufuata kalenda ya bajeti. Ratiba ya kufungua ikaandikwa kwa kufuata idadi ya wagonjwa. Ratiba hizo mbili hazikusomana, na msaada ukakoma wakati mlango ndio kwanza unafunguliwa.

Na mlango kuwa wazi hakumwingizi mteja. Nianze na huyo mteja, maana tusipomwelewa yeye hatutaelewa chochote.

Wengi wetu tunaamini kwamba uchumi ulisimama kwa sababu serikali zilitoa amri, kwa hiyo amri ikiondolewa uchumi unarudi. Wachumi wawili wa Chuo Kikuu cha Chicago, Austan Goolsbee na Chad Syverson, walilipima hili nchini Marekani kwa kufuata mienendo ya simu za watu kwenye biashara zaidi ya milioni 2. Walilinganisha maduka ya aina moja yaliyo jirani, ila yametenganishwa na mpaka wa kiutawala: upande huu kuna amri ya kukaa nyumbani, upande ule hakuna. Wateja walipungua kwa asilimia 60. Katika hizo 60, amri za kisheria zilieleza pointi 7 tu. Kilichobaki ni watu kujiamulia wenyewe, wakitazama vifo vya eneo lao.

Huko Skandinavia ilionekana hivyohivyo. Denmark ilifunga mapema, Sweden ikaacha sehemu kubwa ya biashara wazi. Watafiti walipofuata miamala ya wateja wa benki katika nchi zote mbili, matumizi yalishuka kwa takriban asilimia 29 Denmark na 25 Sweden. Amri ilikuwa na uzito wake, lakini woga ndio uliobeba sehemu kubwa ya mzigo.

Sasa vaa viatu vya mwenye biashara. Wakati umefungwa, kila mtu anakuelewa. Mwenye nyumba anavumilia kodi ya pango, benki imesogeza mbele marejesho, mfanyakazi kakubali nusu mshahara. Siku tangazo la kufungua linapotoka, uvumilivu wote huo unaisha kwa pamoja. Kodi kamili, mshahara kamili, rejesho kamili, juu yake na gharama mpya za barakoa, vitakasa mikono na kupunguza viti. Mteja bado yuko nyumbani anasikiliza habari za vifo. Kipindi hicho, kuanzia tangazo hadi mteja kurudi, mimi nakiita bonde. Biashara nyingi zilizostahimili kufungwa zilifia bondeni.

Nitoe mifano mitatu.

Marekani ilisaini Sheria ya CARES tarehe 27 Machi 2020, kifurushi cha takriban dola trilioni 2.2. Ndani yake mlikuwa na mpango wa PPP: mwenye biashara ndogo anakopeshwa, na akizitumia fedha kulipa wafanyakazi, mkopo unafutwa. Dola bilioni 349 za mwanzo ziliisha ndani ya siku 13. Tazama masharti lakini. Fedha zitumike ndani ya wiki 8, na robo tatu yake iende kwenye mishahara. Aliyepata mkopo Aprili, wiki zake 8 ziliisha Juni. Kama biashara yake ilikuwa bado imefungwa, alilazimika kuwalipa watu waliokaa bila kazi ili mkopo ufutwe, kisha siku ya kufungua anakuta akaunti tupu. Bunge lilikuja kulitambua hilo mwezi Juni, likasogeza hadi wiki 24 na kushusha sharti la mishahara hadi asilimia 60. Kwa waliokwisha kutumia, maji yalikuwa yamemwagika.

Uingereza ililipa asilimia 80 ya mshahara wa mfanyakazi aliyesimamishwa kwa muda, mwisho pauni 2,500 kwa mwezi. Mpango ule uliokoa watu wengi mno, na naupongeza kwa moyo wote. Ila ulipangwa kufikia kikomo 31 Oktoba 2020, huku mchango wa serikali ukishuka hadi asilimia 70 Septemba na 60 Oktoba. Waajiri wakafanya hesabu, wakaanza kupunguza watu. Jioni ya 31 Oktoba, siku ileile ya kikomo, Waziri Mkuu akatangaza kufunga tena na kurefusha mpango. Kipindi kile upunguzaji wa wafanyakazi ulifikia kiwango cha juu kuliko wakati wowote tangu takwimu hizo zianze kukusanywa. Watu walipoteza kazi wiki chache kabla ya msaada ambao ungewabakiza kazini.

Kisha 2021 wakarudia. Hatua ya mwisho ya kufungua ilipangwa 21 Juni, ikasogezwa hadi 19 Julai kwa sababu ya kirusi cha Delta. Ratiba ya fedha haikusogezwa hata siku moja: 1 Julai waajiri walianza kuchangia asilimia 10 kama ilivyoandikwa. Mwenye ukumbi wa muziki alidaiwa mchango akiwa bado amekatazwa kufungua. Hapo ndipo hasira yangu ilipoanzia.

Ujerumani ndiyo iliyonipa tumaini. Wana mpango wa zamani uitwao Kurzarbeit, waliokuwa wameutumia pia katika msukosuko wa 2009. Mfanyakazi akipunguziwa saa, serikali hulipa asilimia 60 ya mshahara uliopotea, au 67 kama ana mtoto. Aprili 2020 watu wapatao milioni 6 walikuwa ndani yake. Uzuri wake uko kwenye kipimo: unalipia saa zilizopotea. Mteja akirudi, saa zinaongezeka, msaada unapungua wenyewe bila waziri kutangaza chochote. Asiporudi, msaada unabaki. Na mwaka ule waliongeza kitu kingine: kwa aliyepoteza nusu ya saa zake au zaidi, malipo yalipanda hadi asilimia 70 kuanzia mwezi wa nne na 80 kuanzia mwezi wa saba. Bonde linavyorefuka, akiba ya mtu inakwisha, kwa hiyo msaada unapanda. Uingereza ulikuwa unashuka.

Hoja yangu ndiyo hiyo. Msaada ufuate saa au mauzo yaliyopotea, na kila hatua ya kufungua iwe na kiwango chake cha msaada. Wa mwisho kufunguliwa awe wa mwisho kukatiwa. Karibuni, hasa wenye kuona nimekosea.

#2 Mpiga Kasia

Naweka kambi hapa. Hilo bonde nimelipita kwa miguu yangu mwenyewe na sikujua lina jina. Swali moja mkuu: hao Wajerumani fedha za kulipa watu milioni 6 walizitoa wapi?

#3 Fundi Mizani

Ndugu, sehemu kubwa ni mfuko wa bima ya kukosa ajira, ambao mfanyakazi na mwajiri huchangia kila mwezi. Mwanzoni mwa 2020 ulikuwa na akiba ya takriban euro bilioni 26, iliyowekwa wakati mambo ni mazuri. Akiba haikutosha, serikali ikaongezea. Lakini ofisi zilikuwepo, fomu zilikuwepo, waajiri walijua pa kwenda. Hawakuanza kujenga ghala wakati njaa imeshaingia.

#4 Hesabu Kali

Mleta uzi umeandika vizuri na nimesoma lote, lakini kuna nusu ya pili ya hesabu hujaigusa.

Kwanza, fedha hizo zililipiwa baadaye. Juni 2022 mfumuko wa bei Marekani ulifika asilimia 9.1, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miaka 40. Uingereza ilifika 11.1 Oktoba 2022. Mfumuko wa bei ni kodi isiyopigiwa kura, na huwaumiza zaidi walewale uliokusudia kuwasaidia. Marekani walituma hadi dola 1,200 kwa mtu mzima mwaka 2020, wakaongeza 600, halafu Machi 2021 wakatuma 1,400 nyingine wakati uchumi umeshaanza kuamka. Hakuna aliyeuliza kama mpokeaji amepoteza hata saa moja ya kazi.

Pili, hiyo PPP. Utafiti ulioongozwa na David Autor wa chuo kikuu cha MIT uligundua kwamba kati ya asilimia 23 na 34 tu ya fedha ndizo zilizofika kwa wafanyakazi ambao vinginevyo wangepoteza kazi. Nyingine ziliwaendea wamiliki, wadai na biashara ambazo zisingepunguza mtu. Wewe unalalamikia wiki 8. Mimi nalalamikia mlango wenyewe ulivyokuwa mpana.

Tatu, na hili ndilo zito kwangu. Mifano yako yote mitatu ni ya nchi zinazokopa kwa sarafu zao. Zambia ilishindwa kulipa deni la nje Novemba 2020, katikati ya janga. Unamwambia waziri wa fedha wa nchi ya namna ile afuate saa zilizopotea kwa kutumia fedha gani? Mpango wa kusitisha malipo ya madeni ulioanza Mei 2020 ulikuwa wazi kwa nchi 73 maskini, na hadi unakwisha mwaka 2021 ulikuwa umeahirisha takriban dola bilioni 13. Kuahirisha, siyo kufuta. Shirika la Fedha la Kimataifa lilipogawa dola bilioni 650 za haki maalumu za kutoa fedha (akiba ambayo shirika hilo hugawia nchi wanachama) Agosti 2021, Afrika nzima ilipata takriban bilioni 33, kwa sababu mgawo hufuata hisa ya kila nchi na si haja yake.

Siko kinyume na msaada. Nataka tuseme ukweli kwamba kila mwezi wa ziada bondeni unalipiwa na mtu.

#5 Zamu ya Usiku

Mimi si mchumi, nilikuwa wodini. Naomba niongeze kitu kuhusu awamu, maana naona watu wanazichukulia kama ngazi za ukaidi wa wanasiasa.

Mtu akiambukizwa leo, kwa virusi vya mwaka ule, dalili zilikuja baada ya siku tano hivi. Aliyezidiwa alifika kwetu wiki moja au zaidi baada ya dalili. Kufariki, kama ilifikia huko, kulichukua wiki nyingine kadhaa. Kwa hiyo ukifungua Jumatatu, idadi ya vitanda vilivyojaa Ijumaa haikwambii chochote kuhusu uamuzi wako. Inakwambia habari za mwezi uliopita.

Ndiyo maana mpango wa Uingereza wa Februari 2021 ulikuwa na hatua nne zilizoachana kwa wiki tano: wiki nne za kusubiri takwimu zionyeshe athari, na wiki moja ya kuwapa watu taarifa kabla. Shule 8 Machi, maduka na huduma za nje 12 Aprili, ndani 17 Mei. Mimi niliuona ule kuwa mpango wa watu waliowahi kusimama kando ya kitanda. Hata hiyo hatua ya mwisho iliyoahirishwa, iliahirishwa kwa sababu kipindi cha kusubiri kilifanya kazi yake.

Linganisha na kufunga na kufungua kwa kushtukiza. India walitangaza kufunga nchi nzima usiku wa 24 Machi 2020 kwa ilani ya takriban saa nne. Mamilioni ya vibarua wa mijini walikwama bila kazi wala usafiri, wengi wakaanza kutembea kwa miguu kurudi vijijini kwao. Mgonjwa hapangiwi hivyo, na nchi vilevile.

Mleta uzi, naafikiana nawe juu ya fedha kusogezwa pamoja na tarehe. Naomba tu tusije tukazitumia hoja hizi kusema awamu zenyewe zilikuwa kosa. Kwenye wodi yetu, wiki mbili za kuchelewesha zilikuwa tofauti kati ya kumpa mtu oksijeni na kumwambia nduguye asubiri. Hilo nimelibeba hadi leo.

#6 Fundi Mizani

Dada (au kaka) Zamu ya Usiku, asante, na pole kwa uliyoyaona. Hapana, awamu hazikuwa kosa, na umenisaidia kuelewa kwa nini wiki tano. Umeniongezea hoja pia: kama tunajua kabla kwamba kati ya hatua na hatua kuna wiki tano, na kwamba hatua yoyote inaweza kusogezwa, basi fedha za wiki hizo zingeandikwa kwenye waraka uleule. "Hatua ya nne ikisogezwa, msaada nao unasogea." Sentensi moja tu ingetosha.

Hesabu Kali, umenipiga pazuri, nikubali ninachopaswa kukubali.

Hundi za Machi 2021 zilikuwa pana mno. Nakubali, na utaona kwamba zinaunga mkono kipimo changu kuliko kukipinga: zilifuata kalenda ya siasa, hazikufuata hasara ya mtu. Ila mfumuko wote usiwekwe hapo. Minyororo ya ugavi ilikatika, na kuanzia Februari 2022 vita vya Ukraine vilipandisha nishati na nafaka duniani kote, hata kwenye nchi ambazo hazikutuma hundi kwa yeyote.

Na kuna jambo moja la mwaka uleule ambalo sitakubali lisahauliwe. Marekani walipanua unafuu wa kodi kwa wenye watoto, wakawa wanaingiza fedha kila mwezi kuanzia Julai hadi Desemba 2021. Umaskini wa watoto, kwa kipimo kinachohesabu misaada hiyo, ukashuka hadi asilimia 5.2. Mpango ukaachwa ufe, na mwaka 2022 ukapanda hadi 12.4. Watoto ni walewale, wazazi walewale. Siwezi kuiita hiyo gharama tu.

Kuhusu PPP na mlango mpana, tazama New Zealand. Nao waliharakisha, wakalipa ruzuku ya mshahara ya dola zao 585.80 kwa wiki kwa mfanyakazi wa muda wote, fedha za wiki 12 zikatoka kwa mkupuo. Lakini majina ya waajiri waliopokea yaliwekwa wazi kwenye mtandao. Mfanyakazi angeweza kutafuta jina la bosi wake, akaona alichukua kiasi gani na kwa watu wangapi. Baadhi ya kampuni zilirudisha fedha zenyewe. Hakuna jeshi la wakaguzi lililohitajika kwa hilo, ni ukurasa wa kutafutia tu. Denmark nao walikataa kuzisaidia kampuni zilizosajiliwa kwenye nchi za kukwepea kodi. Mlango mpana unaweza kuwekewa taa.

Kuhusu nchi zisizo na uwezo wa kukopa, sina jibu la kukuridhisha na sitajifanya ninalo. Mgawo ule wa bilioni 650 ulikuwa dhuluma ya kihesabu. Natamani mwenye ujuzi wa nchi za kipato cha chini atusaidie.

#7 Mbeba Mizigo

Wakuu nimesoma kimya hadi hapa, sasa naomba nafasi. Mnazungumza saa zilizopotea. Saa za nani? Mimi sina hati ya mshahara. Hakuna anayejua nilifanya kazi saa ngapi jana, hata mimi najua kwa uchovu tu. Shirika la Kazi Duniani linasema watu bilioni 2 wako kwenye ajira isiyo rasmi, zaidi ya nusu ya wafanyakazi wote wa dunia. Mpango wa Ujerumani hautufai sisi hao. Hatumo kwenye daftari la mtu.

Nchi iliyonifurahisha ni Togo. Aprili 2020 walianzisha mpango uitwao Novissi. Waziri aliyesimamia mambo ya kidijitali, Cina Lawson, na watu wake walijiuliza: ni daftari gani tulilonalo lenye watu wengi maskini ndani yake? Jibu likawa daftari la wapiga kura, lililokuwa jipya, na ndani yake kila mtu alikuwa ametaja kazi yake. Ukawa unapiga namba fupi kwenye simu yoyote ile, hata isiyo na intaneti, unaingiza namba ya kadi ya kura, na kama kazi yako ni ya kubangaiza na eneo lako liko chini ya amri ya kutotoka usiku, fedha inaingia kwenye simu. Wanawake walipewa faranga 12,250 kwa mwezi na wanaume 10,500, nusu kila baada ya wiki mbili. Zaidi ya watu nusu milioni walipata. Baadaye wakatumia picha za setilaiti na mienendo ya matumizi ya simu kutafuta maeneo na watu maskini zaidi.

Hesabu Kali uliuliza fedha gani. Togo si tajiri. Kilichowawezesha ni kwamba mgawo ulikuwa mdogo, ulienda moja kwa moja, na haukupita kwenye mikono kumi.

Brazil nao waliwafikia watu wapatao milioni 68 kwa reali 600 kwa mwezi, mama anayelea peke yake akipata 1,200. Septemba 2020 wakaikata hadi 300. Mwezi huo ugonjwa wenyewe haukuwa umekatwa nusu. Hapo Fundi Mizani yuko sahihi kabisa.

Afrika Kusini walikuwa na ngazi tano za tahadhari, wakashuka moja baada ya nyingine: ya nne 1 Mei 2020, ya tatu 1 Juni, ya pili 18 Agosti, ya kwanza 21 Septemba. Na walianzisha ruzuku ya randi 350 kwa mwezi kwa asiye na kipato chochote. Ilitangazwa kuwa ya miezi sita. Ikarefushwa, ikarefushwa tena, ikaendelea hata baada ya ngazi zote kuondolewa. Watu husema huo ni udhaifu wa serikali kushindwa kuikata. Mimi naona walikuja kugundua kwamba kuna watu ambao bonde lao lilikuwepo kabla ya korona.

Kwa hiyo nasema hivi: kwa wenye hati ya mshahara, fuateni saa. Kwa sisi, tulipeni kwa eneo na kwa muda, kidogo lakini bila kukatika, na msikate siku ya kufungua. Mbeba mizigo hana mzigo hadi wenye maduka waagize bidhaa, na wao hawaagizi hadi wauze walizonazo. Sisi tuko mkiani mwa msururu. Tunaguswa wa kwanza kwa hasara na wa mwisho kwa nafuu.

#8 Hesabu Kali

Mbeba Mizigo, hii ndiyo nondo niliyokuwa naingojea. Kuhusu Togo nakubali, na nimebadilisha mawazo juu ya hoja yangu ya tatu, angalau nusu yake. Nilikuwa nafikiria uwezo wa kukopa tu. Uwezo wa kumpata mtu nao ni utajiri, na unaweza kujengwa kabla.

Nikumbushe tu kwamba hata nchi tajiri zilipoteza watu kwenye madaftari. Uingereza waliwasaidia waliojiajiri kwa kutazama ripoti zao za kodi za mwaka 2018/19. Aliyeanza kujitegemea baada ya hapo alikaa nje ya mpango mwaka mzima wa 2020, hadi ruzuku ya nne ya 2021. Karatasi ilimwona, ila ilikuwa karatasi ya mwaka usiofaa.

#9 Mpiga Kasia

Mama Vitana upo? Kwenye ule uzi wa biashara ndogo uliwahi kusema uliandika kila mteja kwenye daftari kipindi kile. Ningependa Fundi Mizani aone.

#10 Mama Vitana

Nipo wanangu. Nimelitafuta daftari, ndiyo maana nimechelewa.

Mimi ni msusi. Nilikuwa na wasichana wawili wananisaidia. Sitataja ni wapi wala nani alitoa msaada, sitaki kumchafua mtu, nitasema tu ilivyokuwa kwangu.

Kabla ya korona nilikuwa napata vichwa 38 hadi 40 kwa wiki. Tukafungiwa wiki 9. Katika kufungwa nilipata msaada mdogo wa mishahara ya wale wasichana, na mwenye nyumba alinivumilia. Nilishukuru na bado nashukuru. Hakuna aliyelala njaa.

Tukaruhusiwa kufungua, mteja mmoja mmoja kwa miadi, barakoa, viti viwili badala ya vinne. Barua niliyopata ilisema msaada unaendelea kwa wiki 3 baada ya kufungua, kisha basi. Ilionekana ya haki kabisa nilipoisoma.

Hivi ndivyo daftari linavyosema. Wiki ya kwanza vichwa 17, kwa sababu watu walikuwa wamefuga nywele miezi miwili. Nikafurahi, nikajua mambo yamerudi. Wiki ya pili 11. Ya tatu 8. Msaada ukakoma hapo. Wiki ya nne 9, ya tano 7, ya sita 9. Wateja wangu wengi ni wazee na wanawake wanaotunza wazee, waliniambia kwa simu, "Mama, tunakupenda lakini tunaogopa." Nisingeweza kuwalaumu. Na mimi mwenyewe nilikuwa naogopa kuwashika vichwa.

Wiki ya saba nilimwachia msichana mmoja. Alikuwa na mimi miaka sita. Wiki ya kumi nikamwachia wa pili. Nilimpa kiti na kikaushio kimoja aende akajaribu nyumbani kwake, maana fedha ya kumpa sikuwa nayo.

Wiki ya kumi na tano, 14. Ya kumi na nane, 22. Chanjo zilipoanza kuwafikia wazee, wiki ya thelathini na moja, nikaandika 35 na nikachora mstari chini yake kwa kalamu nyekundu. Mstari bado upo.

Sasa wateja walikuwepo na mikono ilikuwa yangu miwili tu. Nikampigia yule wa kwanza. Alishapata kazi ya kufungasha bidhaa kwenye ghala, akasema harudi. Yule wa pili alirudi, na kikaushio changu akaja nacho.